Vidole Vinne vya Baruti

Kila Jumapili baada ya misa, mdogo wangu alikuwa anatoa viti nje ya nyumba yake hapa mtaa wa Mikelenge, mjini Kindu, anavipanga mbele ya baraza, na ukutani anatundika magobori saba. Saba! Bunduki za zamani, zile za kushindiliwa kwa mdomo, zenye kasiba ndefu inayomfika mtu mzima kifuani. Watu walikuja kuyatazama kama wanavyokwenda kutazama mtoto mchanga. Walikuja walimu, wafanyakazi wa ofisi, wachimbaji wa dhahabu kutoka machimbo ya Kama na matope yamewakaukia viatuni. Mdogo wangu anashika fimbo kama mwalimu, anaeleza. Hili lilipatikana njia ya Lubutu, kwa mzee aliyekuwa analitumia kukomea mlango. Hili lilitoka Kabambare, tako lake la mbao limechongwa upya. Na hili la katikati, lenye mabamba ya shaba na herufi za Kiarabu ubavuni, liliachwa na watu wa misafara waliotoka Unguja, kabla ya wazungu, kabla ya reli.

"Na wakati wa vita?" mgeni mmoja akauliza Jumapili moja. "Askari hawakuyabeba?"

"Tuliyaficha," akasema mdogo wangu.

Mimi nilikuwa jikoni, nasonga bugari ya hao hao wageni wake. Nikasikia neno lile, mwiko ukanisimama mkononi. Tuliyaficha! Wewe na nani? Wewe ulikuwa Lubumbashi, ndugu yangu, unakula samaki na kulala kwenye godoro. Aliyeyaficha ni mimi. Aliyeyachimbua na kuyapaka mafuta ni mimi, na magoti yangu mpaka leo yanalia mvua ikikaribia. Nikasonga ile bugari kwa hasira hadi ikawa ngumu, na wageni walipoila wakaisifu. Aka! Hata hilo lilimwendea yeye. Wakasema kwake watu wanapika vizuri.

Niseme mapema, mtu asije akanishangaa mbele ya safari: mimi ni mwenye wivu. Watu husema mwenye wivu ajinyonge. Sikujinyonga. Nimepita miaka sitini, nimezika mume, na wivu wangu tumezeeka pamoja. Sikumwonea wivu mdogo wangu kwa nyumba yake, wala mke wake, wala pikipiki yake. Nilimwonea wivu kwa gobori moja, lile la shaba, na kwa siku moja ambayo kila mtu kwetu alijua itakuja, siku ya kumzika baba. Maana kwetu, mtu aliyeishi na gobori hatoki nyumbani kwake kimya kimya. Mwili ukivuka mlango, gobori lake mwenyewe linapigwa mara moja hewani, bila risasi, baruti tupu. Anayepiga ni yule aliyerithishwa. Na anayepiga, watu humtazama na kusema: huyu njo mtoto wake, yaani huyu ndiye hasa.

Nilitaka waseme hivyo juu yangu. Basi. Sikutaka kingine.

Baba yetu alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa pale kituoni Kindu, na siku moja mabehewa mawili yakambana mkono wa kushoto. Ulibaki na gumba na kidole kidogo. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi na miwili. Alipopona, jambo la kwanza alilolilia si mkono, bali magobori yake. Alikuwa nayo manne, aliyoyakusanya kijiji kwa kijiji upande wa Pangi, kwa kubadilishana na chumvi, na vitenge, hata baiskeli yake. Kupiga aliweza, maana mkono wa kuume ulikuwa mzima. Kushindilia ndiko kulikomshinda. Kumimina baruti kwenye mdomo wa kasiba, kusukuma majani makavu ya ndizi juu yake, kuvika fataki kwenye kile kichuchu cha chuma kilicho chini ya kinyundo: kazi hiyo inataka vidole.

Akaniita nyuma ya nyumba. "Leta mukono," akasema.

Mama akatoka jikoni mbio. "Wee! Unataka mutoto muke aguse bunduki? Nyama watakimbia mpaka Lubutu!" Kwetu ilikuwa hivyo, mwanamke hagusi silaha ya mwindaji.

"Nyama hawajui nani alishindilia," baba akamjibu. "Wanajua tu nani alipiga."

Akanifundisha. Mdeki, ile fimbo ya chuma ya kushindilia, ulikuwa umekatwa sawasawa na urefu wa ndani wa kasiba. Gobori likiwa tupu, ukiutumbukiza, ncha yake inalingana na mdomo. Likiwa na kitu ndani, mdeki unabaki nje kidogo, na hicho kinachobaki nje unakipima kwa vidole vilivyolazwa kando kando. Ndiyo mizani ya wenye magobori, hakuna nyingine. Kwa kanga, vidole vitatu. Kwa heshima, yaani arusi au msiba, vidole vinne. Baba alinishika mkono, akaulaza juu ya mdeki wa lile la shaba, akatazama vidole vyangu vyembamba kama vijiti vya kiberiti, akaongeza baruti, akapunguza, akaenda kujaribu, akarudi, akapima tena. Siku tatu. Mwishowe akasema: "Hivi njo kipimo chake. Vinne vyako."

Vinne vyangu! Nilikuwa natembea kituoni nimeunyoosha mkono mbele kama mtu aliyevaa pete.

Tangu hapo kila Jumamosi tulikwenda porini nyuma ya mashamba, yeye mbele na gobori, mimi nyuma na pembe ya baruti shingoni. Watoto wa reli walinicheka, eti mke wa bunduki. Sikujali. Harufu ya moshi ule ilinikaa kwenye nywele hadi Jumatatu, na sikutaka kuoga. Mdogo wangu wakati huo? Mtoto mwenye makamasi. Gobori likilia yeye anaingia chini ya kitanda, na kumtoa kule ni kazi ya kumvuta mguu. Baba alikuwa anacheka: "Huyu tutamufanya padri." Nami nacheka kuliko wote.

Nilikua, nikaolewa na mtu wa reli, akafa kwa homa, nikarudi kwa baba bila mtoto. Watu walinihurumia. Mimi sikuhuzunika sana kurudi, Mungu anisamehe. Nilikuta pembe imetundikwa pale pale nilipoiacha, na baba amenenepa kwa kukosa kuwinda. Mdogo wangu alikuwa ameshapanda treni kwenda kusoma Lubumbashi, na huko akapata kazi, na kazi ikampa kitambi.

Vita ilipofika Kindu, treni ikakatika. Waliotawala mji walikuwa na bunduki, waliokaa msituni walikuwa na bunduki, na sisi katikati tulikuwa na magobori manne ambayo yangetuua bila hata kupigwa. Mtu akikutwa na chuma chochote cha kufyatua, hata cha babu yake, alihesabiwa kuwa wa upande wa pili. Jirani walitupa yao mtoni. Mama alisema tutupe. Baba alikaa siku nzima hakula, akatazama tu lile la shaba.

"Baba," nikamwambia, "niachie mimi."

Nikatenganisha yote manne. Matako nikayachanganya na kuni juu ya moto jikoni, moshi ukayafanya meusi kama kuni nyingine. Makasiba nikayazungushia matambara yaliyolowa mafuta ya mawese, nikayalaza ndani ya tuta la muhogo, hapa hapa Mikelenge kwenye shamba letu. Lakini chuma kikikaa ardhini kinaliwa. Kwa hiyo kila majuma matatu nilikwenda kulima, mchana, jua la saa sita, wakati hata askari wanatafuta kivuli. Nalima nikiwa nimepiga magoti, nachimbua, nafuta, napaka, nafukia, napanda tena mti wa muhogo juu yake.

Njaa ilipozidi, mji umezingirwa, hakuna kinachoingia, mawese yakawa kama dawa. Tulikula sombe bila mafuta, bila chumvi, majani matupu ya muhogo. Na mimi nachota kikombe napeleka shambani. Mama alinishika kwenye mlango, mama yangu, Mungu amrehemu, macho yamemwingia ndani. "Chuma inakula mafuta, watu wanakula majani," akasema. Nilijua ana haki. Nikaenda.

Siku moja askari alinikuta tutani. Kijana mrefu, njaa imemkausha kama sisi. Alisimama juu ya lile tuta, miguu yake miwili juu ya lile la shaba, akaniuliza kama naweza kumkatia sombe. Nikamkatia. Nilikata majani ya mti ule ule, nikamfungia mzigo mzuri. Akasema aksanti mama, akaenda. Nilibaki nimekaa chini, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jioni ile nilipomsimulia baba, alinishika mkono, akavikandamiza vidole vyangu kimoja kimoja. "Bila wewe ingekuwa kutu tu," akasema. Mimi nikalisikia neno lile kama ahadi. Hakuahidi, najua. Lakini ningelisikiaje vinginevyo?

Vita ikaisha kama mvua inavyoisha, huku inakatika, kule bado inanyesha. Miaka ikapita kidogo, treni ya kwanza ikaingia Kindu, mji mzima ukakimbilia kituoni, na mdogo wangu akashuka na suti na kitambi chake. Baba alilia. Mimi pia nililia, si kwa uongo, nilimpenda. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: mdogo wangu si mtu mbaya. Angekuwa mbaya, wivu wangu ungekuwa na mahali pa kukaa.

Juma la pili baba akaita wazee wa ukoo. Nilipika kuku wawili. Magobori manne yalikuwa yamelazwa juu ya mkeka, niliyaunganisha mwenyewe, niliyang'arisha mwenyewe kwa majivu na ndimu mpaka shaba ikawa inacheka. Macho ya baba yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu, hivyo aliyapapasa. Akalichukua la shaba. Akasema: "Bunduki inakwenda kwa mwanaume." Akampa mdogo wangu. Lile na mengine matatu yote. Wazee wakapiga makofi.

Halafu akaniita mimi, akanipa kitenge. Kitenge kizuri, cha bei, mdogo wangu alikileta kutoka Lubumbashi.

Loo! Shukrani ya punda ni mateke. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kama inavyotakiwa, nikarudi jikoni, nikakikunja, na nikahisi kifua kinaniwaka kana kwamba nimemeza pilipili nzima. Mtu ambaye alikuwa anajificha chini ya kitanda! Mtu ambaye hajui hata mdeki unashikwa upande gani! Sikuwahi kukivaa kile kitenge. Panya walikila sandukuni, nikawaacha wakile.

Mwezi haukwisha, jirani yetu wa reli akamwoza binti yake, akaomba lile la shaba lipigwe bibi arusi akitoka. Ilikuwa mara ya kwanza ya mdogo wangu. Uwanja umejaa, watu wamevaa, ngoma inapiga. Baba amekaa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza kwenye sauti maana macho hayakumsaidia tena. Mdogo wangu akaja hadi kwenye kundi la wanawake, jasho linamtoka, akainama sikioni pangu.

"Yaya," akaniita, maana mimi ndiye dada mkubwa, "kwa heshima ni vidole ngapi?"

"Vinne," nikasema.

Sikusema uongo. Vinne ni vinne.

Nikamwona anarudi katikati ya uwanja, anamimina baruti, anashindilia, anaulaza mkono wake juu ya mdeki. Mkono wake, jamani. Vidole vya mtu aliyekula Lubumbashi miaka kumi, vinene kama ndizi. Vinne vyake vilikuwa sita vyangu. Akaona mdeki bado haujafika, akaongeza baruti. Akashindilia tena. Akapima, akatabasamu.

Nilikuwa na wakati. Hilo sitalificha. Kuvika fataki kulimchukua muda, vidole vinamteleza. Ningeweza kusema mara kumi. Ningeweza kuita tu, "Ngoja!" Neno lilikuwa mdomoni, nililionja. Na nikafikiri: acha limpige kidogo begani. Acha aanguke matakoni mbele ya watu wote wenye suti. Acha baba asikie gobori lake likilia vibaya, ajue alimpa nani.

Halikumpiga kidogo. Kile kichuchu cha chuma, kilichokaa miaka ile yote kwenye udongo, kiling'oka na kupita kando ya uso wake pamoja na moto. Alianguka chali. Bibi arusi alipiga kelele. Damu ilikuwa inatoka sikioni kwake na shavu lote limekuwa jeusi hadi jichoni.

Niseme ukweli wote, kama nimeanza kusema: kabla sijaogopa, nilifurahi. Ilikuwa kitu kifupi, kama kufumba na kufumbua. Lakini niliiona furaha ile wazi, ilikuwa yangu, hakuna mtu mwingine wa kumsingizia.

Nilikuwa wa kwanza kumfikia. Nilikichana kitambaa changu cha kichwa nikamfunga, nikampakia kwenye toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, nikakimbia kando yake hadi hospitali. Watu wakasema, tazama dada anavyompenda mdogo wake. Jicho lilipona. Shavu lilibaki na doa. Sikio la kuume lilikufa, na la kushoto likabaki nusu.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Mdogo wangu alirudi nyumbani akisema gobori lile ni kali, linataka heshima, akampelekea mfua chuma, naye akalitia kichuchu kipya, na tangu siku ile akawa anapima vidole vitatu vyake. Penda usipende, alikuwa amepata kipimo. Na badala ya kuyachukia magobori, ndipo akayapenda! Akaanza kuyatafuta mengine, hadi yakafika saba, na hadithi ya sikio lake ikawa sehemu ya maelezo ya Jumapili. Wageni wanagusa doa la shavuni kwa macho, wanamwona shujaa. Mimi napita na sahani.

Baba naye hakuuliza. Mwanzoni nilikuwa nangoja swali lake kila siku, nimeshatengeneza majibu. Halikuja. Nikajiambia, macho yake hayakuona mkono wa mdogo wangu, hawezi kujua. Nikatulia. Lakini mtu mwenye kitu rohoni hatulii vizuri. Nikimwona mdogo wangu anageuza kichwa ili asikie kwa upande wa kushoto, nakasirika naye, eti anajifanya mgonjwa ili ahurumiwe. Namna hiyo ndivyo mtu anavyokuwa.

Baba aliishi sana. Miaka yake ya mwisho nilikaa naye mimi, nikimwogesha, nikimlisha uji kwa kijiko. Hata hapo nilijihesabia: mdogo wangu anaonyesha magobori, mimi naosha nepi za mzee. Kila asubuhi nikimfuta uso alinishika mkono na kuniuliza, "Hauna neno?"

"Sina neno, baba," namjibu. Nilidhani ni salamu tu ya wazee, maana wazee wengi wa kwetu huuliza hivyo.

Alikufa asubuhi ya Alhamisi, mkono wake uko mkononi mwangu. Ijumaa mchana wakamtoa. Parsela, kiwanja chetu cha nyumba, ilijaa: watu wa reli wazee kwa vijana, ukoo wote wa Pangi, jirani. Mdogo wangu alisimama mbele ya mlango na lile la shaba. Sisi wanawake tulikuwa upande wa jiko, tumefunga viuno. Nilimtazama akimimina. Nilimtazama akishindilia. Nilitafuta kosa, Mungu ananiona. Maiti ya baba iko kwenye jeneza nyuma ya ukuta, na mimi natafuta kosa kwenye mkono wa mtu. Hapakuwa na kosa. Miaka imemfundisha.

Jeneza likavuka mlango. Akainua, akapiga.

Lililia vizuri. Lililia kama lilivyokuwa linalia zamani nikiwa na pembe shingoni, sauti nzito, moja, inayozunguka na kurudi kutoka ng'ambo ya mto. Moshi ukatujia, ile harufu. Na mzee mmoja karibu nami akasema kwa sauti, bila nia mbaya: "Huyu njo mutoto wake."

Nikaanguka. Nililia kama sijawahi kulia, nikajigaragaza, nikala vumbi. Wanawake wakanikumbatia, wakaniambia lia, mama, lia, ulimtunza vizuri. Walidhani namlilia baba. Nilikuwa nalilia gobori.

Tuliporudi kutoka makaburini watu wakakaa kula. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko, nikakaa juu ya kinu kilicholazwa. Mdogo wangu akanifuata. Alikaa chini, kwenye udongo, na suti yake, upande ambao sikio lake linasikia. Macho mekundu.

"Yaya," akasema, "imelia namna gani? Mimi siisikii vizuri. Naona tu moshi."

Nikamtazama. Miaka yote amekuwa nalo, na hakuwahi kulisikia. Aliniuliza mimi kwa sababu alijua mimi ndiye ninayejua. Nilikuwa na neno moja la kumpa, na hata hilo liliniuma kulitoa.

"Imelia kama ya baba," nikasema. Ikawa kweli. Naye akaweka uso wake kwenye magoti yangu akalia, mtu mzima, mwenye mvi.

Basi likanitoka. Sikulipanga. Nikamwambia: ule mwaka wa arusi, nilipokuambia vinne, vilikuwa vinne vyangu. Nilikuona unapima na mkono wako. Nilinyamaza. Nilitaka uanguke. Nilisema karibu na sikio lake zima, polepole, asikose neno hata moja.

Hakuinua kichwa.

"Najua, yaya," akasema.

"Unajua nini?"

"Baba aliniambia. Hospitalini, siku ya pili. Aliuliza: ulipima na vidole vya nani? Nikasema vyangu. Akasema, yaya yako njo anajua kipimo, na alikuwa pale. Akaniambia: usimuulize. Usimuguse. Atasema yeye mwenyewe." Akajifuta pua kwa mkono wa suti. "Kila mwaka alikuwa ananiuliza: yaya yako amesema? Mimi namwambia, bado, baba. Hata Jumapili iliyopita aliniuliza."

Jumapili iliyopita. Na mimi Jumatatu nilimfuta uso, akaniuliza hauna neno, nikasema sina.

Mtu mwingine angeona haya kwanza. Mimi pia haya ilinijia, ilinijia kubwa, na haijaondoka. Lakini ilikuja ya pili. Cha kwanza kilichonipanda kooni pale juu ya kinu, kaburi la baba bado bichi, kilikuwa wivu ule ule wa siku zote: baba alikuwa na siri moja juu yangu, yangu mimi niliyemlisha kwa kijiko, na alimpa yeye.